Chemchemi ya Maji Moto na Saa ya Kilele

Haya yote ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi wala pilipili. Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, basi ile nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yangu iniangukie utosini, na Wendell Aakre, fundi wetu wa laini, asije kuiinua mpaka theluji iyeyuke.

Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa Nordby, kijiji chetu, wana tabia mbaya. Nikifungua mdomo tu pale mkahawani, wanaanza kukonyezana. Mimi Halvor Brekke nimestaafu kufuga nguruwe. Lakini kazi ya kusema kweli sijaistaafu.

Basi, mwaka ule nilikuwa na hasira. Si ile hasira ya kupiga meza ikaisha. Hii ilinikaa tumboni kama jiwe la kusagia, tangu Januari mpaka Februari, na kila nilipokula ilisaga. Na nilikuwa na haki. Ngoja nikueleze tulivyoibiwa, halafu uniambie wewe ungefanya nini.

Umeme wetu ni wa Ushirika. Baba yangu alipokuwa kijana, kampuni ya mjini iligoma kuleta waya huku. Nyumba zimetawanyika mno, walisema, hakuna faida, kaeni na taa zenu za mafuta. Wakulima wakakasirika, wakachangishana, wakachimba mashimo ya nguzo wenyewe kwenye ardhi iliyoganda. Jembe la baba lilivunjika likabaki mpini, akaendelea kuchimba na mpini. Mpini ulipokwisha akachimba kwa matusi, na shimo hilo ndilo refu kuliko yote mpaka leo. Kwa hiyo hapa kila mwenye mita ni mwenye Ushirika, na kila mmoja ana kura moja, awe na maghala kumi au kibanda cha kuku. Ubaya wake ni mmoja tu: ukitaka kumtukana mwenye umeme, sharti usimame mbele ya kioo.

Sasa, Ushirika haufui umeme. Unanunua kwenye mtambo mkubwa wa makaa ya mawe huko magharibi, na wale wenye mtambo wana hesabu zao. Hawaangalii tu mmetumia kiasi gani mwezi mzima. Wanatafuta ile saa moja mliyotumia kuliko saa zote, ndiyo tunayoiita kilele, na kwa saa hiyo moja wanawapangia bei. Ni kama mjomba aliyekula sahani nne kwenye harusi, halafu kila nyumba anayokwenda anapakuliwa sahani nne, na kulipa analipa nne, hata akila mbili.

Ndiyo maana tunailinda saa ile. Baridi ikishuka sana, jioni watu wanaporudi na kuwasha kila kitu kwa pamoja, ofisi ya Ushirika inatuma ishara. Kila nyumba ina kisanduku cha kijivu kwenye ngazi za chini. Taa yake nyekundu inawaka, hita ya maji inazimika yenyewe, na wenye kupasha vyumba kwa umeme wanarudi kwenye jiko la kuni. Redio inatangaza. Aliyekuwa anaoka mkate anauacha unga uendelee kuumuka. Aliyekuwa anafua anakaa na nguo chafu. Taa za ndani zinawaka kama kawaida, hakuna anayekufa, na taa nyekundu ikizimika kila mtu anaendelea na shughuli zake. Ndivyo tulivyoishi miaka yote bila polisi wala mahakama, kwa kuoneana aibu tu. Aibu inapitisha umeme vizuri kuliko shaba.

Aliyevumilia kuliko sisi wote ni jirani yangu, Ragna Tveiten. Ragna ni mjane, ana mikono mipana kama koleo, na ndiye mtu wa mwisho kwenye barabara yetu mwenye ng'ombe wa maziwa. Wanapaswa kukamuliwa jioni, saa ileile ya kilele, na mashine ya kukamulia pamoja na tangi la kupozea maziwa vinakula umeme kama vibarua wa mavuno. Hakuna kanuni ya Ushirika inayomlazimisha kusubiri. Lakini taa nyekundu ikiwaka, Ragna anasubiri. Ng'ombe wanasimama bandani na viwele vimewajaa, wanalia. Baridi kavu inabeba sauti mbali, kwa hiyo mimi nawasikia nikiwa jikoni kwangu, na nakuambia, kilio cha ng'ombe aliyejaa maziwa hakikuachi unywe kahawa yako kwa raha.

Kabla sijasahau, njia yangu. Itatajwa mbele, heri uijue.

Chini ya njia yangu kuna chemchemi ya maji moto. Aliigundua babu yangu mzaa baba, alipoketi hapo kupumzika akasimama suruali ikiwa imeiva. Chemchemi hiyo inatokea mlango wa jikoni, inapita ubavuni mwa nyumba, inakata kona kwenda kibanda cha gari, kisha inateremka mpaka kwenye sanduku la barua kando ya barabara. Theluji haikai hapo. Majirani wote wanachota theluji kwa koleo mpaka migongo inalia, mimi natembea na ndala kwenda kuchukua barua. Januari paka wa barabara nzima wanalala pale. Mwaka mmoja nilivuna nyanya wiki ya Krismasi, ndogo, lakini nyanya. Wendell aliwahi kuniuliza, akicheka, maji yamejuaje kukata kona ya nyumba yangu. Nikamwambia maji yana akili kuliko mafundi wengi.

Na wala chemchemi yenyewe sikuitilia maanani kabla sijastaafu, kwa sababu siku zile niliishi bandani na nguruwe. Nilipoacha ufugaji niliuza vyote, vizimba, vihori, na harufu ningeiuza kama angepatikana mteja. Ile mikeka ya umeme ya kulazia watoto wa nguruwe ndiyo pekee iliyokosa mnunuzi. Lakini hayo si ya leo.

Ikaja Januari ile. Baridi ilikuwa baridi, bwana. Kipimajoto changu kilishuka mpaka kikatoka chini ya ubao, nikakiokota kwenye theluji. Jioni moja nilisimama kwenye ukuta wa ghala kuwasha kiko, na nilipotaka kuondoka nikaona kivuli changu kimeganda ukutani. Niliondoka bila kivuli. Nilikirudia Aprili.

Redio ikatangaza kilele. Taa nyekundu zikawaka. Ragna akasubiri, ng'ombe wakalia hadi ikawa vigumu kusikia redio yenyewe. Na baada ya yote hayo, Ushirika ulivuka kilele, yaani kile kipimo tulichokuwa tumepangiwa bei. Ulivuka vibaya, na laini iliyovuka kuliko zote ilikuwa yetu, ya mashariki.

Meneja wa Ushirika alikuja kutueleza kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Ni mtu mpole, anaongea kama anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Alisema Januari wataimeza kwa akiba. Lakini Februari ikivukwa tena, halmashauri haitakuwa na njia, bei ya umeme itapanda kuanzia Machi kwa kila mtu. Akasema ishara ilifika, visanduku vilifanya kazi, ila kuna kitu kwenye laini ya mashariki kilichokuwa kinakula wakati wenzake wamefunga.

Watu wakanung'unika. Ragna alikuwa amekaa mbele yangu na koti lake la bandani. Alisimama, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa kwamba ng'ombe wake mmoja alivimba kiwele kwa kusubiri jioni ile na chuchu moja imekufa. Akasema mnunuzi wa mifugo ameshapita kuangalia. Bei ya umeme ikipanda, ng'ombe wote watapanda lori Machi, maana maziwa hayataweza kulipia kupozwa kwake. Kisha akakaa.

Ndipo lile jiwe liliponiingia tumboni. Kuna mtu, nilijiambia, kuna mtu kwenye barabara hii anaota joto la wizi wakati ng'ombe wa mjane wanalia. Na sikuhitaji kupiga ramli kumjua.

Juu ya kilima, mkabala na kwangu, alikuwa amehamia daktari wa meno mstaafu kutoka Minneapolis, anaitwa Desmond Pruitt. Alipofika tu alijenga nyuma ya nyumba beseni kubwa la maji moto, nje, kwenye theluji. Anaingia humo akiwa uchi, kofia kichwani, anatazama nyota. Mtu mzima, msomi, anajichemsha kama kiazi.

Nilianza mkahawani. Nilisema waziwazi kwamba mwizi anatoa mvuke. Nikasema kanisani, na kwenye kituo cha mafuta, na kwa mleta barua, ambaye aliangalia njia yangu, akaangalia kilima, akaenda zake. Baada ya wiki moja hakuna aliyemsalimia Pruitt dukani. Wanawake wa kanisa walikuwa wamempelekea lefse, ile chapati yetu ya viazi, siku alipohamia. Sasa nasikia kuna aliyependekeza zirudishwe.

Mimi mwenyewe nilipanda kilima kumwambia usoni. Alinifungulia mlango, akataka kunipa kahawa, na huo upole ndio ulionizidishia hasira. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

"Bwana Pruitt," nikamwambia, "huku kwetu viazi tunachemshia ndani."

"Sijakuelewa, Mzee Brekke."

"Utanielewa wenzako wakianza kuuza ng'ombe."

Aliniuliza ng'ombe gani. Nikamweleza yote, kilele, kisanduku, Ragna, kiwele, kwa sauti iliyolifanya paa limwage theluji. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayehesabu meno. Akauliza afanye nini redio ikitangaza tena. Nikamwambia azime kila asichokihitaji, na kama hajui maana ya kuhitaji, amuulize ng'ombe. Nikashuka kilima nikiwa na joto hadi buti zikaacha madimbwi.

Februari ikaingia, na baridi ya pili ikaja nyuma yake. Asubuhi anga lilikuwa safi, rangi ya bluu ya kutisha, na moshi wa mabomba ukasimama wima kama nguzo za ziada. Kila mtu alijua ni leo. Mchana kutwa wanawake walipika kabla ya wakati. Jioni redio ikatangaza, taa nyekundu zikawaka barabara nzima, na muda mfupi baadaye nikawasikia ng'ombe wa Ragna.

Nikavaa koti. Nilimkuta Ragna jikoni kwake, amekaa wima kwenye kiti, buti miguuni, ndoo mapajani, anautazama ukuta ulio upande wa banda. Nikamwambia ainuke, leo tunamkamata mwizi na mvuke wake. Hakutaka. Alisema kumkamata mtu hakumkamui ng'ombe hata mmoja. Nikamwambia bila hivyo Machi hatakuwa na wa kukamua. Akainuka.

Nje tukakutana na gari la Wendell limesimama njia panda. Ofisi ilikuwa imemtuma akae tayari, maana laini yetu ilianza kupanda tena na ilikuwa imebaki kidogo tu kuvuka. Wendell ni mtu mfupi, shingo nene, anatafuna kijiti muda wote. Nikamwambia twende juu, nitamwonyesha umeme unakokwenda. Alinitazama, akamtazama Ragna, akafungua mlango wa gari.

Nyumba ya Pruitt ilikuwa giza tupu. Nikawaambia wenzangu, mnaona, yuko kwenye beseni. Tukazunguka nyuma. Beseni lilikuwa limefunikwa, na ukingo wake ulikuwa na barafu nene kama kiganja. Wendell akainua kifuniko, akagonga maji kwa ufunguo. Yakalia kama dirisha.

Pruitt alitufungulia mlango wa jikoni akiwa na mshumaa. Alikuwa amevaa makoti mawili na ile kofia ya kuogea. Alikuwa amezima kila kitu ndani ya nyumba ile. Kila kitu, nakuambia. Taa alizima. Jokofu alizima, nyama akaitoa nje kwenye theluji na kuilinda dhidi ya mbweha kwa kugonganisha sufuria kila baada ya muda. Tanuri alizima, akakaa na baridi, kwa sababu redio ilisema zima usichokihitaji na yeye alijiuliza kwa dhati anahitaji nini, akaona anahitaji majirani. Mtu wa kwetu akisikia redio anazima nusu na kunung'unika. Huyu mgeni alizitii zile kelele nilizompigia neno kwa neno. Alimuuliza Wendell kama saa ya ukutani inaruhusiwa. Wendell akaiangalia, akamwambia ni ya betri.

Mimi sikuwa nimemaliza. Nilisema ameficha kitu ghalani. Nilisema madaktari wa meno wamezoea kufanya kazi mahali pasipoonekana. Niliendelea kusema, na nilikuwa katikati ya sentensi nzuri sana, nilipogundua kwamba Ragna ameondoka mezani na amesimama kwenye dirisha kubwa la mbele, lile linaloangalia barabara yetu yote.

"Wendell," alisema, "hebu njoo."

Mwezi ulikuwa umeshapanda. Kutoka kwenye kilima kile unaiona barabara nzima, paa kwa paa, zote nyeupe, mashamba meupe, ua mweupe. Na katikati ya weupe wote ule kulikuwa na mstari mmoja mweusi, umenyooka kama umepigwa rula. Ulianzia mlango wa jikoni fulani, ukakata kona kwa adabu, ukaenda kibanda cha gari, halafu ukateremka mpaka kwenye sanduku la barua. Juu yake mvuke ulikuwa unapanda, taratibu, mwingi. Paka walikuwa wanaonekana kama nukta.

"Hiyo ni chemchemi," nikasema.

Pruitt, kwa upole wake ule wa kuudhi, akasogeza mshumaa ili nipate nafasi ya kuona vizuri.

Tuliteremka kilima wote wanne ndani ya gari, tumebanana, Wendell akitafuna kijiti chake. Alisimamisha gari chini ya nguzo yangu. Akatoa fimbo yake ndefu ya manjano, ile ya mafundi wa laini, akaiunganisha kipande kwa kipande, akainyoosha juu kwenye laini ndogo inayokwenda lilikokuwa banda la nguruwe. Fyuzi ikafunguka na mlio kama kizibo cha chupa. Taa za nyumba yangu zikabaki zinawaka. Tukaenda kusimama kwenye njia.

Nitakuambia kilichotokea kama kilivyotokea. Mvuke ulipungua. Ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha. Paka mmoja aliinuka, akajinyoosha, akanitazama mimi, akaondoka. Wengine wakamfuata. Wendell alimwaga chini kahawa iliyobaki kwenye chupa yake, tukaiangalia ikiganda mbele yetu.

"Halvor," akasema, "una nguruwe wangapi siku hizi?"

Nikasema sina, na anajua sina.

"Ile laini haina kisanduku. Ushirika uliiacha hivyo kwa huruma, kitoto cha nguruwe asizimiwe joto. Sasa nani analalia joto la watoto wa nguruwe?"

Nikamwambia mikeka ile niliifukia kuikinga chemchemi na baridi. Nikamwambia maji ya moto yakishtuka hupotea, kila mtu anajua. Nikamwambia babu yangu, suruali yake—

"Chemchemi gani, mzee, inayokatika umeme?" Wendell akanikatiza.

Redio ya gari ikakoroma. Ilikuwa ofisi. Laini ya mashariki imeshuka, ilisema, imeshuka ghafla chini ya kilele, Wendell amefanya nini huko. Wendell akajibu kwamba amewalaza nguruwe. Kisha akaniambia, bila kucheka, kwamba njia yangu inakula kama nyumba nne zenye watu.

Hapo nilikuwa na mengi ya kusema. Ningesema kwamba nina magoti mabovu. Ningesema kwamba katika kilele cha Januari wengine nao walipitisha kidogokidogo, mmoja birika, mwingine pasi, na kwamba kanisa zima lilikaanga lefse jioni ile. Yote ni kweli. Lakini ng'ombe walikuwa wanalia, na tuliposimama pale kwenye njia yangu walisikika vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia.

Ragna hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

"Nilidhani nimewazoea," alisema. "Wanalia tangu jioni, Halvor, ili barua zako zisisikie baridi."

Akageuka akaenda kwake kwa miguu. Tulimwona dirishani amekaa tena kwenye kiti kilekile, ndoo mapajani, anaingoja taa nyekundu izimike, ingawa sasa nafasi ilikuwepo na Wendell alimwita kumwambia aanze tu. Hakuanza. Ilipozimika ndipo taa za banda zilipowaka, mashine ikanguruma, na ng'ombe mmoja baada ya mwingine wakanyamaza.

Siku zilizofuata nilikuwa na hasira zaidi ya mwanzo, na ubaya ni kwamba haikuwa na pa kwenda. Ilipanda kilima ikashuka. Ilikwenda ofisi ya Ushirika, ikakumbuka kwamba Ushirika ni mimi. Mkahawani waliniuliza bei ya nyanya. Mtu mmoja aliuliza kama anaweza kuleta ugonjwa wake wa mifupa uoge kwenye chemchemi yangu, akaongeza, iwapo umeme upo. Nilikunywa kahawa yangu nimesimama.

Machi ukafika mkutano mkuu. Tunaufanya ukumbi wa michezo wa shule, kila mwanachama anapewa ndoo mpya yenye balbu ndani na sahani ya nyama ya paja na maharage. Meneja alisimama akaomba radhi kidogo, kisha akasema Februari haikuvukwa na bei haitapanda. Watu walipiga makofi. Mnunuzi wa mifugo, aliyekuja kwa ajili ya nyama ya bure, aliangalia sahani yake. Ragna alikuwa mstari wa mbele, mikono ile mipana magotini, na hakupiga makofi. Alifunga macho tu kwa muda, kama mtu aliyetua mzigo lakini bado mabega hayajaamini.

Halafu ikaja bahati nasibu. Kila mwaka majina yanatiwa kwenye kofia ya fundi na mmoja anapata zawadi. Mwaka juzi ilikuwa kikaango. Wendell aliingiza mkono, akatoa karatasi, akasoma: Halvor Brekke. Nilikwenda mbele. Zawadi ilikuwa koleo la theluji, jipya, mpini wa mti, limefungwa utepe mwekundu. Ukumbi mzima ulisimama. Nilipokuwa pale nilichungulia ndani ya kofia, na naapa tena, kila karatasi iliyobaki ilikuwa na jina langu, tena kwa mwandiko wa Ragna.

Nikamwambia Ragna siwezi kupokea zawadi ya hila. Akasema siyo zawadi, nisome ubavuni. Ubavuni mwa koleo palikuwa pamechomwa maneno kwa chuma cha moto: KUTOKA MLANGONI MPAKA BANDANI. Akaniuliza kama ninaelewa ni mlango wa nani na banda la nani.

Ninaelewa. Ndiyo kazi yangu msimu huu wote. Theluji ikianguka, naamka, naanza mlangoni kwa Ragna, nachota mpaka bandani, upana wa toroli la maziwa. Kisha napanda kilima kufagia ngazi za Pruitt. Hilo hakuniambia mtu. Niliona tu kwamba nikipita bila kufagia, koleo linakuwa zito. Yeye yumo kwenye beseni lake, kofia kichwani, taa nyekundu ikiwa imezimika, na kila mara ananiuliza kama nitaingia, maji ni mazuri. Namwambia mimi si kiazi.

Ile mikeka sasa wanailalia ndama wa Ragna. Wendell alifunga kisanduku kwenye laini ya mikeka hiyo. Taa nyekundu ikiwaka, ndama wanatandikiwa majani makavu na kusubiri kama raia wengine.

Leo asubuhi theluji imeanguka nyingi, na upepo ukaisukuma tena pale nilipokuwa nimeshachota. Niliitukana theluji, nikautukana upepo, nikamtukana babu yangu na suruali yake. Ragna alitoka bandani, akasimama mlangoni kukagua, ndoo mkononi.

"Umeruka kona," akasema.

Nikamwambia hiyo kona haihitaji koleo. Nahisi kwa miguu kabisa kwamba chemchemi imehama, sasa inapita hapo, wiki mbili tu itaiyeyusha yenyewe.

Ragna aliiangalia kona, akaniangalia mimi, akaiangalia nguzo iliyo mbele ya nyumba yangu, ng'ambo ya barabara, kama mtu anayepima itaangukia wapi.

Nikarudi nikaichota kona.